Chumba cha Dada: Nyeupe au Kijani?

Leo naomba ruhusa yenu niyaweke kando mashairi na tenzi, ambayo ndiyo mliyozoea kuyasoma kwangu, nizungumze juu ya makopo mawili ya rangi. Moja la nyeupe, la pili la kijani. Makopo hayo nusura yatie fitina baina yangu na mpwa wangu, na yalinifunza jambo ambalo sikulipata katika miaka yote niliyokaa nikiandika juu ya nyumba zetu za Pwani na uzuri wake.

Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, ameishi umri wake wote Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba moja. Aliolewa humo humo, akazaa humo humo, akafiwa na mume humo humo. Miaka michache iliyopita macho yalianza kumtatiza. Tulidhani ni uzee tu, kumbe ni presha ya macho. Daktari alitueleza waziwazi kwamba dawa zaweza kuyahifadhi yaliyobaki, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Sasa nyumba ile ya Mji wa Kale ina ngazi nyembamba na kali, wazijua wenyewe wenye nyumba kama hizo. Alipoanguka mara ya pili tulikaa kitako, ikakatwa shauri ahamie Nakuru kwa mwanawe, ambaye ni mwalimu huko na ana nyumba isiyo na ngazi hata moja. Dada alikubali bila ya kusema mengi, nasi tukadhani kutosema kwake ni kuridhika.

Mpwa wangu akamjengea chumba upande wa nyuma wa nyumba. Mwezi wa Rajabu akanipigia simu. “Mjomba,” alinambia, “chumba cha mama kimekwisha kupigwa lipu. Nataka kukipaka kijani kabla ya Ramadhani.”

Nami, hata mate sikuyameza, nikamjibu: “Kijani? Dada yangu hajalala katika chumba kisicho cheupe tangu azaliwe. Paka nyeupe.”

Alinyamaza kidogo. Kwetu mjomba hajibiwi ovyo. Kisha akasema kwa adabu, “Basi njoo uone mwenyewe, mjomba.” Nikafunga safari.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na kutoka hapo hadi Nakuru ni kama 160 zaidi. Njia nzima nilikuwa nikipanga hoja kama mtu anayepanga vina. Tulipopita Gilgil na kukaribia ziwa Elmenteita, upande wa Kariandusi, nikaona ardhi iliyochimbwa, nyeupe pe! Moyo ukanifurahi. Nikamwambia mzee niliyekaa naye kiti kimoja, “Kumbe hata huku mna chokaa!” Mzee akacheka akanambia kuwa si chokaa ile, ni diatomaiti. Na kweli alikuwa akijua asemalo. Ule weupe ni mabaki ya mimea midogo mno, isiyoonekana kwa jicho, iliyoishi katika ziwa lililokuwa hapo zamani, ikafa na kutuama chini tabaka juu ya tabaka. Huchimbwa ikauzwa kwa kuchujia vinywaji na mafuta, na viwanda vya rangi huitia ndani ya rangi ili kuupunguza mng’ao wake. Ukiichanganya na maji ukapaka ukutani haitashika kama chokaa yetu. Nikanyamaza. Hoja yangu ya kwanza, kwamba nyeupe ni nyeupe popote uendapo, ilikuwa imekwisha kutiwa ufa kabla sijashuka garini.

Nakuru ni mji wenye adabu zake. Reli ilifika hapo mwaka 1900, na pamoja na reli wakaja watu wa kila namna, wakiwemo Waislamu walioweka makazi yao upande wa Bondeni, ambako hata leo ukipita utasikia Kiswahili na utapata mwenyeji wa kukukaribisha chai. Tangu tarehe 1 Desemba 2021 mji umepewa cheo cha jiji. Lakini mgeni wa Pwani hapokewi na cheo hicho. Hupokewa na baridi na vumbi. Mji uko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,850. Mchana jua lake kali, usiku waomba blanketi la pili. Na vumbi, wacha tu! Jina lenyewe la Nakuru hutajwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mwezi ule niliofika, kabla ya mvua za masika, sikuhitaji mtu wa kunithibitishia. Nilivaa kanzu nyeupe asubuhi. Adhuhuri ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

“Umeona, mjomba?” alisema mpwa wangu akiitazama kanzu. “Na ukuta je?”

Hoja zake zilikuwa tatu. Kwanza vumbi. Pili baridi, kwani asema nyeupe humfanya mtu ahisi baridi zaidi, na kijani hutuliza. Tatu ni ile aliyoitamka kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kijani ni rangi yetu Waislamu, na yeye akiwa katika mtaa wa watu mchanganyiko ataka nyumba yake ijulikane. Akanikumbusha kuba la Msikiti wa Mtume mjini Madina, akanikumbusha na mavazi ya watu wa peponi yaliyotajwa katika Kurani.

Hoja hii ya tatu niliivunja pale pale, tena kwa ukali kuliko ilivyostahili. Kuba la Madina, nilimwambia, halikuwa la kijani tangu mwanzo. Lilipitia rangi nyingine, na kijani hicho kilipakwa katika karne ya kumi na tisa, wakati wa utawala wa Waturuki. Na tukienda kwa Hadithi, basi mavazi meupe ndiyo Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyoyahimiza kwa walio hai na kwa kuwakafini maiti. Nikaona nimeshinda. Mpwa wangu akasema polepole, “Lakini hayo ni mavazi, mjomba. Si ukuta.” Haki yake. Nami nilikuwa nimefanya lile lile nililomkataza, kuifanya dini iwe fundi wa rangi.

Yafaa nieleze hapa kwa nini mtu wa Pwani huishikilia nyeupe namna hii, kwani nikilaumu bila ya kueleza nitakuwa sijawatendea haki wazee wetu.

Anayezijua nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya kumi na nane zilizoufanya mji huo uingizwe na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, anajua jinsi zilivyopangwa. Waingia dakani, wapita tekani, watokea kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Kutoka hapo vyumba vyapangana kimoja nyuma ya kingine: msana wa kwanza, msana wa pili, kisha ndani, penye zidaka. Kila chumba ni kirefu na chembamba, kwa sababu upana wake umekatwa na urefu wa boriti la mkandaa, ambalo halizidi sana hatua tatu. Madirisha ya nje ni machache au hakuna, kwa ajili ya sitara. Basi mwanga wote wa nyumba waingia mahali pamoja, kiwandani, na wapaswa kusafiri kutoka ukuta hadi ukuta hata ufike ndani kabisa, alikolala mzazi na mtoto wake mchanga. Ukuta mweupe safi waweza kurudisha zaidi ya sehemu nane katika kumi za mwanga unaoupiga. Kijani kilichoiva hakirudishi hata nusu. Lau wazee wangezipaka kuta zile kijani, mwanga ungelikufa katika msana wa kwanza, na mwenye kukaa ndani angelikaa na kandili mchana kutwa.

Na nyeupe yenyewe ilikuwa chokaa. Mawe ya matumbawe yaliyochomwa katika tanuu kwa magogo, yakamwagiwa maji, yakaachwa yaive. Chokaa ikipakwa huvuta hewa na kurudi kuwa jiwe polepole, na ule ukali wake huua uvundo na wadudu katika nchi yenye unyevu kama yetu. Lakini haidumu. Hutoka unga, hubanduka kwa chumvi ya bahari. Kwa hiyo ilipakwa tena na tena. Kwetu ilikuwa kila mwaka, siku za mwisho za Shaabani, sisi watoto tukibeba ndoo na kupakana nyuso. Mama yangu alikuwa akitia ndani ya ndoo buluu kidogo ya kufulia ili weupe ung’are, na mwaka mmoja mkono ulimponyoka, tukafunga mwezi mzima katika chumba cha rangi ya samawati. Hakuna aliyesema tumeacha mila.

Hilo la buluu nililisahau kabisa. Lilinirudia nikiwa nimesimama Nakuru mbele ya kopo.

Kwa maana nyeupe iliyokuwamo koponi si chokaa hata kidogo. Weupe wa rangi za siku hizi watokana na titani. Zamani ulitokana na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto, na ndiyo sababu hata leo ni wajibu kusoma kibandiko cha kopo kabla ya kulipa. Lililonichekesha ni kwamba mchanga wenye madini hayo ya titani ulichimbwa kwetu Kwale tangu mwaka 2013 hata mwisho wa 2024, ukapakiwa melini Likoni na kupelekwa ng’ambo. Kwa hiyo huenda nyeupe niliyokuwa nikiitetea kuwa ya asili imetoka Pwani kweli, lakini imezunguka dunia na kurudi ikiwa na bei. Na haivuti hewa, wala haigeuki jiwe, wala hakuna mtoto atakayeipaka kila Shaabani. Hupakwa mara moja, kisha huoshwa kwa kitambaa kwa miaka.

Hapo nikashauri tuache maneno tujaribu. Fundi alikuwa amekwisha kupaka chumba kizima, pamoja na mlango, mkono wa kwanza wa rangi nyeupe ya kuandalia. Juu yake tukapaka vipande viwili, kila kimoja ukubwa wa msala, kimoja nyeupe ya kung’aa, cha pili kijani cha mpwa wangu, kilichokoza kama jani la mwembe. Tukavirudia vipande kama hivyo kwenye kila ukuta. Tukakubaliana kuvitazama siku tatu, asubuhi, adhuhuri, alasiri na usiku.

Chumba kile kina dirisha moja tu, upande wa mashariki. Asubuhi jua la Nakuru laingia moja kwa moja, wala halina mawingu ya bahari ya kulipoza. Likipiga kipande cheupe cha kung’aa, wallahi hata mimi mwenye macho mazima nilifumba. Kijani kilikuwa kitulivu, kizuri, nikaanza kukionea haya. Adhuhuri jua lilipokwenda juu ya mabati mambo yakageuka: nyeupe ikawa ndiyo inayobeba chumba, na kijani kikazama. Ilipofika alasiri kijani kilikuwa karibu cheusi, na usiku, chini ya taa hizi za mwanga mweupe, kilikuwa kama mdomo wa pango. Mpwa wangu mwenyewe alisema, “Hapa mtu atalala kama popo.”

Kuhusu vumbi, sote wawili tulikosea. Siku ya tatu kitambaa kilipopitishwa, nyeupe ilitoka na wekundu wa udongo kama tulivyotarajia. Lakini kijani nacho kilikuwa na vumbi lake, tena lilionekana kwa mbali zaidi, maana vumbi likavu la huko ni jepesi kwa rangi kuliko ukuta uliokoza. Kijani huficha alama za mikono ya watoto, hakifichi vumbi. Tulifarijika kidogo kwamba hakuna aliyeshinda, tukaagiza chai.

Ni mke wa mpwa wangu, mtoto wa watu wa Bondeni, mwenye ulimi mfupi na akili ndefu, aliyeleta chai akauliza akiwa ameinamisha macho: “Samahani, mjomba. Mama mwenyewe amesemaje?”

Sikuwa na jibu. Siku tatu nzima nilikuwa katika nyumba moja na dada yangu, nikila naye, nikimsomea, nikimpa salamu za watu wa Mji wa Kale mmoja mmoja, na haikunijia kumuuliza. Mpwa wangu naye alikuwa akitazama ndani ya kikombe. Alikuwa akilala kwa muda katika chumba cha wajukuu, akingojea sisi tumalize hekima yetu.

Aliletwa na mjukuu wake, msichana wa miaka tisa, akimshika mkono. Akasimama katikati ya chumba. Sisi tukaanza kumwelekeza, huku nyeupe, kule kijani. Hakutusikiliza. Aligeuka nyuma, akanyosha mkono, akapapasa hewani, kisha akauliza:

“Mlango mmeuficha wapi?”

Mlango mweupe, katika ukuta mweupe, na kizingiti cheupe. Ulikuwa hatua mbili kutoka aliposimama. “Nimeingia kwa kushikwa mkono,” alisema. “Nitakuwa nikitoka pia kwa kushikwa mkono?”

Macho yenye ugonjwa ule hupoteza pembeni kwanza, na hupoteza pia ule uwezo wa kukipambanua kitu na kilicho nyuma yake vinapokaribiana rangi. Sisi tulikuwa tukiuliza rangi ipi ni nzuri. Yeye alikuwa hajui kitu kinapoishia na kingine kinapoanzia. Nyeupe tupu, ile niliyompigania, ingelimfunga humo kama ndani ya wingu.

Kisha akauliza la pili, na hili ndilo lililonitoa jasho katika baridi ile. “Na kibla ni wapi humu?”

Tukamwonyesha, sote watatu kwa pamoja. Akatikisa kichwa. Ndipo akatueleza, bila ya kulalamika, kwamba tangu aje Nakuru huamka alfajiri akangoja mpaka mjukuu aamke amwelekeze msala, kwa kuwa haioni kona ya chumba gizani. Siku mbili alikuwa ameona haya kumwamsha mtoto, akaswali kwa kukisia, na kulipopambazuka akaambiwa alikuwa ameelekea ziwani. “Kule kwetu,” alisema, “sikuwa naijua kwa macho. Naijua kwa mwili. Nikishuka kitandani mguu wenyewe wageuka.”

Tazama basi, msomaji. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja, hata kibla chetu ni kaskazini barabara, na mwanamke aliyekaa nyumba moja umri mzima hahitaji kuonyeshwa. Nakuru iko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla kimeinama kidogo, kama nyuzi tisa mashariki ya kaskazini. Kwa mwenye macho ni rahisi: Menengai iko upande huo wa kaskazini ya mji, mlima mkubwa wenye shimo la volkano kileleni, nawe waelekea kwake ukapinda kulia kidogo. Lakini kwa yule ambaye hata dirisha halioni vyema, Menengai haina faida. Tulimhamisha dada yangu tukamtilia sandukuni nguo zake, chetezo chake, hata kinu chake cha kutwangia viungo. Kibla chake tulikiacha Mji wa Kale, wala hakuna kati yetu aliyekikumbuka.

Akaupapasa ukuta wa kaskazini mpaka akafika penye kipande cha kijani. Akarudi nyuma hatua tatu, akakitazama kwa pembe ya jicho kama afanyavyo siku hizi. “Hiki nakiona,” alisema. “Kama mtu amesimama. Nipakieni ukuta huu wote rangi hii. Hizo nyingine nyeupe, lakini isiwe hii yenye kumetameta, yanichoma. Na mlango uwe na rangi ya mlango.”

Kazi ya fundi ilikuwa siku mbili. Ukuta wa kibla ukawa kijani, kuta tatu nyeupe isiyong’aa, na mlango ukakwanguliwa kwa msasa hata mbao ikaonekana, ukapakwa mafuta tu, ukabaki hudhurungi. Mpwa wangu alitaka kuning’iniza juu ya ule ukuta wa kijani picha kubwa ya Kaaba yenye taa za kumulika, aliyoletewa na rafiki aliyekwenda Umra. Hapo nilitia neno kwa haki, kwani chuoni tulifundishwa kisa cha pazia lenye mapambo alilokuwa nalo Bibi Aisha, ambalo Mtume aliamuru liondolewe kwa sababu lilimshughulisha katika sala. Ukuta mtupu wa rangi moja haumshughulishi mtu. Picha yenye taa yamshughulisha hata jirani. Ikatundikwa sebuleni, ambako kwa kweli yapendeza.

Naandika haya kwa sababu sisi watu wa Pwani tulio bara, na walio bara wanaotutunzia wazee wetu, tuna ugonjwa mmoja. Twachukua rangi ya nyumba ya mama tukaifanya bendera. Mwenzangu mmoja Eldoret amepaka chokaa nyumba nzima nje na ndani, mvua za huko zaiosha kila juma, naye yu radhi kugombana na mbingu. Mwingine amepaka kijani hadi choo. Ukiwauliza kwa nini, wa kwanza atakwambia ndivyo tulivyokuta, wa pili atakwambia ndio Uislamu. Wazee waliojenga Lamu hawakuanza na rangi. Walianza na giza la chumba cha ndani, wakatafuta njia ya kulitoa. Lau wangelijenga Nakuru, penye dirisha la mashariki na jua la mita elfu moja na mia nane, sidhani wangelikubali nyeupe ya kung’aa, na nina hakika wasingelikubali kijani kuta nne.

Na lililo kubwa zaidi, na ambalo naona haya kuliandika, ni kwamba wazee wetu twawapangia chumba kama tupangavyo chumba cha maiti: twajua sisi nini kinachofaa, wao watalala tu. Mwenye mzee nyumbani, macho yake yakiwa mazito, na amtie katikati ya chumba, amwachilie mkono, amwulize mlango uko wapi. Jibu lake litamwambia zaidi kuliko kitabu chochote cha sampuli dukani. Kiti na kiwe na rangi isiyo ya sakafu. Kikombe cha maziwa kiwe cha rangi, si cheupe. Swichi ya taa izungushiwe mstari uliokoza. Ni mambo ya thamani ya brashi moja.

Siku ya kuondoka kwangu niliamka kabla ya adhana. Kupitia mlango wa hudhurungi ulioachwa wazi nilimwona dada yangu, taa imezimwa, mwanga mdogo tu ukitoka uani. Ameshuka kitandani, amesimama, amegeuka kutafuta ule ukuta ulio mweusi kuliko zile nyingine. Akatandika msala, akaupinda kulia kidogo, akafunga sala. Mjukuu alikuwa bado amelala.

Kopo la kijani limebaki nusu. Mpwa wangu ataka kulimalizia kwenye lango la nje, mkewe amekataa. Safari hii sikutia neno, nikaaga nikapanda gari.